Sufuria la Nzengo na Vitabu Vilivyoliwa Mwisho

Sufuria la nzengo lilipotea kati ya mazishi ya Mzee Masalu na msiba uliofuata, na halikuwa kitu cha kupotea. Lilikuwa sufuria la mikono miwili, kubwa kiasi kwamba ng'ombe akipikwa humo aliingia mzima, mkia ukabaki nje kwa heshima tu. Mwaka wa mvua kubwa, watu wa mtaa ule wa Nyalikungu, Maswa, wanaapa, bwana na bibi harusi walivushwa mto ndani yake na hawakulowa hata soksi.

Siku lilipohitajika, halikuwapo. Wapishi walisonga ugali kwenye visufuria vya chai, zamu kwa zamu, waombolezaji wakala mmoja mmoja kama wanapokea dawa. Wa mwisho alipata tonge lake jua linazama, kilio kimeshamtoka, hata marehemu amemsahau. Aibu ile ilifika kijiji cha Ipililo kabla waliokula hawajanawa mikono.

Vyombo vya nzengo alivitunza Nyanjige, mjane, kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, na ufunguo ulikaa kwenye fundo la kanga. Jioni ya mazishi ya Masalu, mwenyekiti wa nzengo, Luhende, alimuuliza, "Vyombo vimerudi?" Nyanjige, mgongo ukimuuma, akajibu bila kugeuka, "Vyote." Neno moja tu, nalo ndilo lililomponza.

Nzengo ni majirani walioshikana. Ukifiwa wanakuchimbia, wanakupikia, wanakulilia hata kama hawakukupenda. Wao wakifiwa usipoonekana, unatozwa. Ukiwakosea kosa kubwa, unatengwa: huombi moto, huazimi kinu, salamu yako inadondoka chini na hakuna wa kuiokota. Luhende akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada nzengo itakaa, na sufuria lisipoonekana, Nyanjige atatengwa.

Nyanjige alikwenda kwa rafiki yake Felisita, akakaa kizingitini, akakataa chai.

"Mimi kuishi peke yangu siogopi," alisema. "Kuishi nimezoea. Nani atanizika?"

"Mungu hawezi kukuacha."

"Mungu hashiki jembe, Felisita."

Felisita alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa aliipokea kwa mikono yake, na nusu nyingine hakuacha kuilaumu kwa kuzaliwa Shinyanga. Akainua macho, akaliona boksi lake juu ya kabati, akasema, "Niachie mimi. Nitalichunguza."

Boksi lile aliachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Lilijaa vitabu vya upelelezi, vya aina ile yenye kijiji kidogo, chai nyingi na maiti bustanini. Kabla hajalipata, lilikuwa limekaa sakafuni msimu mzima, vitabu vimelazwa chali na jalada la nyuma limegusa udongo, na mchwa wa Maswa hawana habari na hadithi, walianzia chini. Walikula sura ya mwisho ya kila kitabu, wakashiba, wakaondoka. Hivyo Felisita alijua kila kitu kuhusu upelelezi isipokuwa unavyokwisha.

Alichokijua kilimtosha kuanzia. Mpelelezi ni mama wa makamo ambaye hakuna aliyemwita. Hapo palikuwa sawa. Mpelelezi ana paka. Felisita hakuwa naye, akaazima wa jirani yake Martha. Paka alikaa mpaka alipothibitisha kwamba nyumba ile haina dagaa, akarudi kwao. Mpelelezi huwapa watu chai na keki, kisha wao wenyewe husema. Keki haikuwapo, ilikuwapo michembe, viazi vile vitamu vilivyokaushwa juani, na mchembe uliokauka barabara una faida ambayo keki haina: mtu huona ni afadhali aseme kuliko kutafuna.

Kanuni kubwa kuliko zote ilisema kwamba mkosaji ni yule usiyemdhania. Hapo palimpa Felisita shida, maana yeye alimdhania kila mtu. Ilimbidi awaondoe mmoja mmoja.

Alianza na mwenyekiti.

"Siku ya kuchimba kaburi la Masalu, Luhende, ulikuwa wapi?"

"Mgongo uliniuma," alisema Luhende, na akauma mchembe haraka.

"Upande gani?"

"Pande zote."

Martha aliulizwa kuhusu jikoni, akasema alikuwa akikoroga tu, hajui chochote kuhusu chombo chochote, hata mwiko hajauona. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu mwiko.

Kisha akaja Jenifer, binti wa marehemu, mwenye kazi Dodoma ila bado yuko likizo ya msiba, ambaye ndiye aliyesimamia mazishi. Mzee Masalu alikufa kwa uzee, amelala, ameshiba, na binti yake alitaka amzike bila kasoro. Kulikuwa na ratiba, kulikuwa na mshereheshaji, kulikuwa na tisheti zenye picha ya marehemu akiwa amenuna. Kila kundi lilipewa dakika zake: familia, kanisa, chama cha wakulima wa pamba, majirani.

"Ilikwenda vizuri?" aliuliza Felisita.

"Ilikwenda kwa wakati, mayu," alisema Jenifer, akimwita mama kwa Kisukuma. "Zile vurugu za kienyeji tuliziondoa. Kurukaruka makaburini, kudaidai vitu. Tuliziondoa zote."

"Mlifanya vizuri," alisema Felisita, akammiminia chai. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, na labda ndiyo iliyofanya neno lile limpite.

Wa mwisho alikuwa Kondo, fundi baiskeli wa pale njiapanda. Kondo alifika Nyalikungu kijana, akaoa Nyalikungu, akalima pamba Nyalikungu, na Kisukuma chake kilikuwa kimekolea kiasi cha kumrekebisha paroko. Alichimba makaburi ya nzengo, alitozwa na nzengo alipochelewa, na watoto wake walikuwa na majina ya bibi zao wa hapohapo. Kila asubuhi, kwa miaka na miaka, yeye na Masalu walitukanana pale kibandani.

"Nyinyi kwenu mnatia nazi mpaka kwenye maji ya kunawa!" Masalu alikuwa akimwambia.

"Na wewe ulimwona ng'ombe kabla hujamwona mama yako, ndiyo maana ukifurahi unapiga kwato!"

Mtaa uliwazoea kama unavyozoea jogoo. Mtu hukumbuka kwamba kumekucha, hakumbuki jogoo alisema nini.

Felisita alipofika, Kondo alipangusa mikono, akavuta kiti cha mviringo, kipana, kilichofunikwa gunia la pamba na kuzungushiwa kamba.

"Mwadila mayu," alisalimia. "Kaa hapa, starehe."

Felisita akaketi. Kilikuwa kiti imara. "Umekitoa wapi hiki?"

"Nimekipata tu. Jana mwenyekiti wako alikikalia akichokonoa meno, akakisifu. Martha naye kakikalia. Mtaa mzima umeshakikalia, ulikuwa umebaki wewe."

"Nimekuja kwa habari ya sufuria."

"Ndiyo!" alisema Kondo, uso ukamng'aa. "Nilisema mtakuja. Jogoo yuko wapi?"

"Jogoo gani?"

"Hukuja na jogoo?"

"Kondo, nakuuliza kuhusu sufuria. Unajua liliko?"

"Najua lipo. Limetulia, linasubiri."

"Linasubiri nini?"

Kondo akacheka mpaka spana ikamdondoka mguuni, na hata hapo hakuacha. "Nyinyi Wasukuma nyinyi! Wagumu! Haya, na mimi naweza kusubiri."

Felisita alimwondoa palepale. Katika vitabu vyake mkosaji hutoka jasho, huficha mikono, huangusha kikombe. Hakuna kitabu hata kimoja, angalau mpaka pale mchwa walipofikia, ambamo mkosaji alicheka na kudai kuku. Aliposimama, kisigino chake kiligonga kiti, na kitu kikalia *ng'ooo*, kwa mbali, kizito. Felisita akajua ni kengele ya kanisa, akaharakisha kwenda nyumbani.

Kwa muda wote huo Kondo hakuacha kumpitia Nyanjige. Alisimamisha baiskeli mbele ya uwanja wake na kupaza sauti, "Mayu! Kwangu hamji na jogoo?" Nyanjige alidhani fundi anatafuta jogoo wa kununua. Akamjibu kwamba hana wa kuuza, na kwamba mtu anayekaribia kutengwa hafanyi biashara. Kondo naye alicheka, akasema, "Kweli mmenipania mwaka huu," akaenda zake.

Jumapili ikafika. Luhende alitaka kikao kifanyike kwake. Felisita akasema hapana, kitafanyika sebuleni kwangu. Vitabu vyote, bila kupingana, vilikusanya watu sebuleni. Sebule yake ilikuwa na viti vya kutosha mapadri tu, kwa hiyo akaagiza kila mtu aje na cha kukalia, kama ilivyo desturi ya kikao chochote cha nzengo.

Wakaja na vigoda, mikeka, ndoo. Kondo alikuja na kiti chake nyuma ya baiskeli, kimefungwa mpira. Mlangoni kikakwama, na mwenyekiti Luhende akainuka kumsaidia, mmoja akivuta, mmoja akisukuma.

"Kiti chako kizito, fundi."

"Kina heshima zake, mwenyekiti."

"Ndicho kile cha juzi?"

"Ndicho chenyewe."

"Kiti kizuri," alisema Luhende, akahema, akarudi kukaa juu ya ndoo yake.

Nyanjige alikaa peke yake karibu na kabati. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amefungua ufunguo kutoka kwenye kanga, ameushika mkononi tayari kuukabidhi. Kati yake na mtu wa karibu palikuwa na nafasi ya kulala mbuzi.

Felisita alisimama katikati. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Akawatazama wote usoni, mmoja mmoja, wengine akikumbuka na uzito wao wa kuzaliwa, akasema kwa sauti ya chini:

"Aliyelichukua sufuria la nzengo yumo humu ndani."

Watu wakashtuka vizuri sana. Mwanamke mmoja akashika kifua. Felisita akavuta pumzi aendelee, na hapo akakuta mchwa.

Hakuna kitabu kilichopita pale. Vyote viliishia kwenye *yumo humu ndani*, kisha mashimo, kisha vumbi. Alifungua mdomo, akaufunga. Akatembea tena mpaka dirishani, kwa kuwa njia hiyo alikuwa anaijua. Akarudi. Akakaa kimya.

Kumbe hakuna kinachowatesa watu kama mkunga aliyenyamaza.

"Basi, basi!" Martha alipiga kelele. "Mwiko ninao mimi! Ule mrefu wa nzengo. Nilisema nitaurudisha, ukanizoea."

Felisita hakusema kitu. Hakuwa nacho cha kusema. Alimgeukia tu aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Luhende.

"Usinitazame hivyo, mama Felisita," alisema Luhende.

Felisita akaendelea kumtazama.

"Nilikuwa mpirani," alisema mwenyekiti. "Mgongo hauniumi. Haujawahi kuniuma. Wenzangu wakichimba kaburi la Masalu mimi nilikuwa kwenye banda la mpira, na tulifungwa."

Sebule ikachafuka. Wakaanza kumhesabia mwenyekiti adhabu yake, wengine wakadai Martha aulizwe na kuhusu ungo, na ikaonekana kwamba kabla ya saa ya chakula mtaa mzima utakuwa umejitenga wenyewe, abaki paka. Nyanjige peke yake alikaa vilevile na ufunguo wake. Hakuna hata moja kati ya makosa yale lililokuwa sufuria.

Kondo alichoka kungoja. Akaanza kupigapiga kisigino, kama mtu aliyeletwa kwenye sherehe isiyo na ngoma.

*Ng'ooo. Ng'ooo.*

Felisita akafikiri: kengele. Kisha akafikiri: ibada imekwisha, wote tumetoka huko. Akageuza kichwa polepole.

"Kondo."

"Naam, mayu."

"Inuka hapo."

"Siinuki."

"Nguno ki? Kwa nini huinuki?"

"Mtani hainuki bure," alisema Kondo, akakunja mikono.

Luhende ndiye aliyeuliza kwanza.

"Mtani wa nani?"

"Wenu."

"Kondo, wewe ni mtani wetu?"

"Mimi Mzaramo, mwenyekiti."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli siku zote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo kichwani. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu babu zao walipokutana pwani na mizigo mabegani. Msiba wa mmoja ni uwanja wa mwingine: ataiga mwendo wa marehemu, atalala njiani jeneza lisipite, atachukua kitu na kuketi nacho. Na alichochukua mtani msibani hakiitwi cha wizi. Wafiwa humwendea na jogoo na maneno laini, wakatukanwa kidogo, wakakikomboa. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Ila Kondo walikuwa wamemzoea mpaka wakamsahau, na pale mtaani aliyekuwa akimkumbuka kila siku ya Mungu kwamba ni mtani, kwa matusi ya asubuhi, alikuwa Masalu.

"Siku ile," alisema Kondo, na sasa hakuwa anacheka, "nilikuja na maneno yangu. Nimeyatunza miaka. Tuliahidiana mimi na yule mzee, atakayetangulia asipumzishwe. Nikafika, nikapewa tisheti. Nikaambiwa fundi, kaa na majirani, majirani wana dakika mbili, ataongea mwenyekiti. Na mwenyekiti mwenyewe yuko mpirani."

Luhende alitazama chini ya ndoo yake.

"Nikasema, sawa. Watani hawamo kwenye ratiba. Nikachukua sufuria, nikaenda kulikalia, nikasubiri mje. Hamkuja. Nikawakalisha juu yake mmoja mmoja ili mkumbuke. Mkakisifu kiti."

"Na mimi?" Nyanjige alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku ile. "Ulisikia nakaribia kutengwa. Mimi ulinipitia ukicheka."

Kondo akamgeukia, akafikiria, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Mayu, mlikuwa hamtanii?"

"Nani atanie na kaburi lake?"

"Mimi nilijua ndiyo majibu yenu! Nikasema, leo Wasukuma wamenipatia: nimechukua sufuria, nao wanajifanya kumtenga bibi wa watu ili nijisalimishe. Nikasema sijisalimishi. Mtani akirudisha mwenyewe kwa miguu yake, hapo ndipo anakuwa mwizi." Akainamisha kichwa. "Mayu, nisamehe. Nisingekuacha."

"Basi inuka."

"Siwezi, mayu. Jogoo hajaja."

Hapo ikajulikana kwamba aliyetakiwa kukomboa hakuwa Nyanjige, wala Luhende, wala Felisita na boksi lake. Watu wote wakamtazama Jenifer, mfiwa mwenyewe, aliyekuwa kwenye mkeka nyuma. Jenifer alisimama, akatoka nje, na wengi wakadhani amekasirika ameondoka zake Dodoma. Akarudi na jogoo wa Martha chini ya kwapa. Martha akataka kusema, akaukumbuka mwiko, akanyamaza.

Jenifer alipiga magoti mbele ya kiti. "Mtani," alisema, na ilionekana neno lile ni geni mdomoni mwake, "tumekosa. Tunaomba chombo chetu."

"Huyu jogoo mwembamba," alisema Kondo. "Mmemlisha ratiba?"

Mtu mmoja akacheka. Kondo akampokea jogoo, akainuka, akapanda juu ya sufuria. Akashusha bega moja, akatoa tumbo mbele, akapapasa mifuko akitafuta miwani iliyoko usoni, akakohoa kile kikohozi cha mara mbili na cha tatu kinachochelewa. Masalu akawa amesimama sebuleni kwa Felisita. Masalu akalalamika kwamba amezikwa kwa saa ya ukutani kama gari moshi. Masalu akauliza ni nani aliyemchagulia picha ile ya tisheti, maana siku aliyopigwa alikuwa amebanwa na haja. Watu walicheka wakaegemeana. Luhende alidondoka kutoka kwenye ndoo. Jenifer alicheka pia, mikono mdomoni, kisha mabega yakaanza kumtikisika vingine, akalia, kwa sauti, kilio kamili cha mtoto wa kufiwa, kile ambacho siku ya mazishi hakikupangiwa dakika. Kondo akashuka, akamfuta machozi kwa gunia.

Nzengo haikupiga kura. Luhende alisema tu kwamba shauri limekwisha, na kwamba shauri lake yeye litasikilizwa siku nyingine, pengine. Nafasi ile ya kulala mbuzi ikajaa watu. Nyanjige akasukumwa, akakumbatiwa, akaulizwa kama ana chumvi nyumbani, kama ana moto. Felisita alisimama dirishani. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameuona mwisho, na alijiambia kwamba mchwa hawakuwa wamemnyima kitu kikubwa: mpelelezi hunyamaza, watu wakamaliza wenyewe.

Nyanjige alilifungua sufuria kamba, akalilaza ubavu nje ya mlango, akaanza kulisugua kwa mchanga. Kondo alichuchumaa upande wa pili akashika gunia kumsaidia.

"Fundi," alisema Nyanjige bila kuinua kichwa. "Siku yangu ikifika, ulichukue tena."

"Wewe?" alisema Kondo. "Kijimwili hicho? Wewe nitakutia humohumo, nikupakie kwenye baiskeli, nikuzike kwetu kwenye minazi, Wasukuma waje na jogoo."

Nyanjige akamrushia konzi ya mchanga, akacheka, akafunga ufunguo kwenye kanga.